Maswali ya Wasomaji: Jimbo Katoliki la Kollam lina umri gani?

Katika toleo lililopita, tulipokuwa tukieleza asili ya Magoa wa Unguja, tulisema kwa kupita tu kwamba jimbo la kwanza la Kanisa Katoliki nchini India halikuwa Goa bali Kollam, bandari ya pwani ya Malabar iliyomo katika Kerala ya leo. Sentensi ile moja imetuletea barua nyingi, baadhi kutoka kwa Wakatoliki na nyingine kutoka kwa Waislamu wanaopenda historia ya bahari yetu. Tumechagua tano, na tumezipa safu yote ya mwezi huu, kwa kuwa habari za Kollam zinagusa pepo zile zile za kaskazi na kusi zilizowaleta wageni Unguja na Pemba.

SWALI: Mheshimiwa Mhariri, mimi ni mwalimu wa historia katika skuli ya sekondari. Nimekuwa nikifundisha kwamba Ukatoliki uliingia India pamoja na Wareno baada ya Vasco da Gama kufika Calicut mwaka 1498, na kwamba jimbo la Goa lilianzishwa mwaka 1534. Vipi Kollam iwe kongwe kuliko safari yenyewe iliyowaleta Wareno? Naomba tarehe, maana wanafunzi wangu hawaridhiki na maneno matupu. (Mwalimu, Chake Chake)

JIBU: Mwalimu wetu, tarehe unazozifundisha ni sahihi na hakuna haja ya kuzifuta. Kinachokosekana ni kipindi kilichozitangulia, ambapo watawa wachache wa Kilatini, yaani wa ibada ya Kanisa la Roma, walifika India kwa njia ya Uajemi, wakipanda vyombo vya wafanyabiashara katika Ghuba na kushuka nao kwenye bandari za Gujarat na Malabar. Watu hao hawakuwa na merikebu zao wenyewe, hawakuwa na mizinga wala ngome, na waliishi kwa idhini ya watawala wa miji waliyoifikia. Tofauti hiyo kati yao na Wareno ni kubwa, na nadhani inafaa kusisitizwa darasani kuliko tarehe zenyewe.

Mmoja wao alikuwa Jordanus Catalani, mtawa wa shirika la Wadominiko, mzaliwa wa Sévérac kusini mwa Ufaransa. Alifika Thane, karibu na Mumbai ya leo, mwaka 1321, akiwa pamoja na Wafransisko wanne. Yeye alipokwenda kuhubiri kwingine, wenzake walibaki Thane, wakaingia katika mabishano ya dini yaliyofikishwa mbele ya kadhi, na mwisho wake wakauawa mwezi wa Aprili mwaka huo huo. Mtawa mwingine, Odoric wa Pordenone, aliyepita miaka michache baadaye na kuichukua mifupa yao mpaka China, aliandika kwamba Sultani wa Delhi alikasirishwa na mauaji yale na akamwadhibu gavana wa Thane. Jordanus aliwazika wenzake huko Sopara, akabaki peke yake katika pwani ile, na barua zake mbili zilizohifadhiwa zinaonesha mtu aliyeteseka kwa njaa, maradhi na kusingiziwa, akiwaomba wenzake walioko Uajemi wamletee watu wa kumsaidia. Katika barua hizo hizo, hata hivyo, anazitaja bandari moja baada ya nyingine ambako mapadre wangeweza kufanya kazi, na Kollam imo miongoni mwao.

Jordanus alirudi Ulaya na kufika Avignon, mji wa Ufaransa ambako mapapa waliishi wakati huo badala ya Roma. Tarehe 9 Agosti 1329 Papa Yohane XXII alitoa hati iliyoufanya mji wa Kollam kuwa makao ya askofu, na tarehe 21 Agosti akamteua Jordanus kuwa askofu wake wa kwanza. Hiyo ni miaka 169 kabla ya Vasco da Gama kutia nanga Calicut, na miaka 205 kabla ya jimbo la Goa. Jimbo jipya liliwekwa chini ya Askofu Mkuu wa Sultaniyya, mji wa Uajemi uliokuwa makao ya watawala wa Kimongolia. Waoneshe wanafunzi wako jambo hilo kwenye ramani: askofu wa kwanza wa Kilatini nchini India hakuwa chini ya Lisbon wala chini ya Goa, bali alikuwa chini ya kiti kilichokuwa bara ya Uajemi, na njia yake ilikuwa ile ile ya Hormuz na Ghuba waliyoijua wafanyabiashara waliofika pia katika pwani yetu.

Ukiuliza kwa nini Kollam ikachaguliwa, jibu limo katika pilipili manga. Taarifa ya Kiarabu ya mwaka 851 inaeleza kwamba kutoka Maskati hadi bandari hiyo ni safari ya mwezi mmoja kwa upepo wa wastani, na kwamba vyombo vya China vilitozwa ushuru huko. Marco Polo, mwishoni mwa karne ya 13, alitaja kwamba kulikuwa na Wakristo na Mayahudi katika mji huo. Wakristo hao hawakuwa Walatini. Ni wale wanaojulikana kama Wakristo wa Mtume Toma, ambao kwa mapokeo yao Mtume huyo alishuka Malabar mwaka 52 na kujenga makanisa saba, mojawapo Kollam, na ambao ibada yao ilikuwa kwa lugha ya Kisiria na maaskofu wao walitoka Uajemi. Kwa hiyo Papa alipompa Jordanus kiti cha Kollam, hakumpeleka katika nchi isiyo na Ukristo. Alimpa pia barua kwa kiongozi wa Wakristo wa huko, akiwaalika waungane na Roma, na hilo la kuungana ndilo litakalorudi mara kwa mara katika historia ya Kanisa la Malabar kwa miaka 600 iliyofuata.

SWALI: Assalamu alaykum. Mimi ni Muislamu, msomaji wenu wa siku nyingi. Nimesoma kwamba Ibn Battuta alifika Mombasa na Kilwa, na vile vile alifika Kollam. Je, mji aliouona ndio huo wa askofu mnayemtaja? Na watu wa dini mbalimbali waliishi vipi humo? (Msomaji, Wete)

JIBU: Wa alaykumu salaam, ndugu yetu wa Wete. Mji ni huo huo. Utaukuta kwa majina mengi, Kawlam kwa Waarabu, Columbum kwa Walatini na Quilon kwa Waingereza. Ibn Battuta alipita Mombasa na Kilwa mwaka 1331, yaani miaka miwili tu baada ya hati ya Papa, na akafika Malabar katika miaka ya 1340. Aliisifu Kollam kuwa miongoni mwa miji mizuri kabisa ya pwani ile, yenye masoko bora na wafanyabiashara matajiri. Aliwakuta Waislamu wenye heshima, kadhi wao akiwa mtu wa Qazwin, mkuu wao akiwa shahbandar, yaani msimamizi wa bandari, na msikiti wa Ijumaa uliojengwa na mfanyabiashara mmoja. Mtawala alikuwa Mhindu, na Ibn Battuta anashuhudia kwamba aliwaheshimu Waislamu na alikuwa mkali mno kwa wezi.

Hali hiyo haikuanza zama za Ibn Battuta. Kuna ushahidi wa mwaka 849, na kwa maoni yetu ni miongoni mwa hati zenye thamani kubwa katika historia yote ya Bahari ya Hindi. Ni mabamba ya shaba yaliyochongwa maandishi ya ruhusa aliyoitoa Ayyan Atikal, mtawala wa Venad, nchi iliyokuwa na Kollam ndani yake, kwa kanisa la Tarisa lililojengwa Kollam na Mar Sapir Iso, kiongozi wa Wakristo waliotoka Uajemi. Mtawala aliwapa ardhi, watu wa kuihudumia, misamaha ya kodi na haki katika shughuli za soko. Lakini lililo la ajabu zaidi limo katika bamba la mwisho, ambapo mashahidi wametia saini zao kila kundi kwa maandishi yake: Waislamu kwa Kiarabu cha hati ya Kufi, Wazoroasta, ambao wazee wa Mji Mkongwe waliwafahamu kwa jina la Maparsi, kwa maandishi ya Kipahlavi, na Mayahudi kwa Kiajemi kilichoandikwa kwa herufi za Kiebrania. Mhindu anatoa, Mkristo anapokea, na Muislamu, Mzoroasta na Yahudi wanashuhudia. Mabamba hayo yapo hadi leo, yakihifadhiwa na makanisa ya Kisiria ya Kerala.

Wasomaji wasidhani kwamba waliandikiana hivyo kwa kuwa walikubaliana katika dini. Kila mmoja alishika yake kwa nguvu, na Jordanus mwenyewe aliandika maneno makali juu ya watu wa imani nyingine. Kilichowaweka pamoja ni bandari: mzigo ulihitaji mizani inayoaminika, mkataba ulihitaji shahidi, na mgeni aliyekuwa akisubiri upepo ubadilike alihitaji miezi kadhaa ya usalama katika mji usiokuwa wake. Anayeijua Unguja ya karne ya 19 hatopata taabu kuuelewa mji kama huo.

Ushahidi wa mwisho juu ya jambo hili ni wa Giovanni de' Marignolli, Mfransisko aliyekuwa mjumbe wa Papa kwa mfalme wa Kimongolia wa China, ambaye alikaa Kollam zaidi ya mwaka mmoja akiwa njiani kurudi, karibu miaka 20 baada ya Jordanus kuteuliwa. Anaeleza kwamba Wakristo wa Mtume Toma ndio waliosimamia mizani ya pilipili ya mji mzima, na kwamba kutokana na mapato ya mizani hiyo yeye, kwa cheo chake cha mjumbe wa Papa, alipewa sarafu 100 za dhahabu za mji huo kila mwezi, na 1,000 alipoondoka. Alikaa katika kanisa la Kilatini la Mtakatifu Georgi, akalipamba kwa michoro. Kwa maneno mengine, Wakristo wa Kisiria walimlisha mjumbe wa Kilatini kwa fedha ya pilipili iliyopimwa na kuuzwa kwa watu wa dini zote.

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni Mkatoliki, na wazee wangu walitoka Goa. Jamaa zangu walioko huko wamenicheka nilipowasomea mlichoandika. Wanasema jimbo lililokufa halihesabiwi, na kwamba Kollam ilizaliwa upya mwaka 1886 tu. Nani anasema kweli? (Msomaji, Shangani)

JIBU: Jamaa zako wana hoja nzito, na hatutaki kuipunguza. Jordanus aliondoka Ulaya mwaka 1330, na kuanzia hapo kumbukumbu zinanyamaza juu yake. Hakuna askofu mwingine aliyemrithi katika kiti cha Kollam. Marignolli alikuwa mgeni aliyepita. Katika karne hiyo njia ya Uajemi iliharibika, utawala wa Wamongolia ukavunjika, na maradhi ya tauni yakaimaliza Ulaya, hata mashirika ya watawa yasiwe na watu wa kupeleka mbali. Kwa hesabu ya maaskofu, basi, Kollam ina mmoja katika karne ya 14, kisha pengo la zaidi ya miaka 500.

Hata hivyo, pengo la maaskofu haliwi pengo la watu, na hapo ndipo tunapotofautiana na jamaa zako. Wareno walifungua kituo cha biashara Kollam mwaka 1503 na kujenga ngome Tangasseri, kwenye pwani ya mji huo, mwaka 1519. Papa Paulo IV alipoipandisha Goa kuwa jimbo kuu tarehe 4 Februari 1557, alianzisha pia majimbo ya Cochin, bandari iliyo kaskazini ya Kollam, na Malacca, na Kollam ikawa ndani ya Cochin. Ukatoliki wa Kilatini wa pwani ile, hata hivyo, haukukua katika ngome. Ulikua katika vijiji vya wavuvi. Mwishoni mwa mwaka 1544 Fransisko Ksaveri, Mjesuiti, alipita kwa miguu katika vijiji vya Wamukkuvar vya pwani ya Travancore, kusini mwa Kollam, na katika barua yake ya Januari 1545 akaandika kwamba alibatiza zaidi ya watu 10,000 katika mwezi mmoja. Alikwenda kijiji kwa kijiji, akiwaachia watu sala zilizoandikwa kwa lugha yao ili wajifunze baada ya yeye kuondoka. Wamukkuvar walikuwa watu wa tabaka la chini, waliodharauliwa na watu wa bara, na ubatizo uliwapa pamoja na imani ulinzi wa Wareno baharini. Sababu zote mbili zilikuwapo, na mwanahistoria mwaminifu hafichi hata moja.

Wakati huo huo Wareno waliharibu uhusiano wao na Wakristo wa Mtume Toma. Mwezi wa Juni mwaka 1599 Aleixo de Menezes, Askofu Mkuu wa Goa, aliwaita kwenye sinodi, yaani mkutano wa Kanisa, huko Udayamperur, karibu na Cochin, akawalazimisha kufuata desturi za Kilatini, na vitabu vyao vya Kisiria vikachomwa moto. Kuchomwa kwa vitabu vile ni hasara ambayo hadi leo wanazuoni wa Kerala wanailia, nasi tunailia pamoja nao, kwa kuwa humo ndimo zilimokuwa habari za karne nyingi ambazo hazitopatikana tena. Hasira ilikaa moyoni miaka 54, kisha tarehe 3 Januari 1653 Wakristo hao walikusanyika Mattancherry, wakashika kamba zilizofungwa kwenye msalaba, na kuapa kwamba hawatawatii tena Wajesuiti. Roma ilituma Wakarmeli, watawa wa shirika jingine, kutafuta suluhu, wakafanikiwa kwa sehemu tu, na mgawanyiko wa makanisa ya Kerala tunaouona leo unatokana na kiapo hicho.

Waholanzi wakaitwaa Kollam kutoka kwa Wareno mwaka 1661, na Cochin mwanzoni mwa mwaka 1663. Wao walikuwa Waprotestanti, na waliwafukuza mapadre wa Kireno. Kama Ukatoliki wa Kollam ungekuwa umesimama juu ya ngome ya Tangasseri, ungeanguka nayo. Haukuanguka, kwa sababu wavuvi walibaki katika vijiji vyao na imani yao, wakihudumiwa na Wakarmeli pamoja na mapadre wachache wa Goa na wa Cochin, ambao kwa miaka mingi waligombana wao kwa wao juu ya nani mwenye haki ya kuwaongoza waumini, Papa au mfalme wa Ureno aliyekuwa amepewa haki ya ulezi wa Kanisa katika nchi za mashariki. Ugomvi huo ni mrefu na unachosha. Inatosha kusema kwamba mwaka 1838 Papa Gregori XVI aliyaondolea majimbo ya Kireno ya Cochin na Mylapore mamlaka yao na kuwapa viongozi waliotumwa na Roma, na kwamba mwaka 1845 Kollam ilitengwa na Verapoly, kituo cha Wakarmeli karibu na Cochin, ikawa vikarieti ya kitume, yaani eneo linaloongozwa kwa niaba ya Papa kabla ya kuwa jimbo kamili, chini ya Wakarmeli.

Tarehe 1 Septemba 1886 Papa Leo XIII aliupanga upya uongozi wote wa Kanisa nchini India, na Kollam ikawa jimbo kamili tena. Ilikuwa jimbo kubwa, likishuka na pwani hadi Kanyakumari, ncha ya kusini ya bara hilo. Kutoka humo likazaliwa jimbo la Kottar mwaka 1930, la Trivandrum mwaka 1937, na la Punalur mwaka 1985. Askofu aliyeacha alama kubwa katika kipindi hiki ni Aloysius Maria Benziger, Mkarmeli kutoka Uswisi, aliyeongoza tangu 1905 hadi 1931. Mwaka 1937 akaja Jerome Fernandez, mwenyeji wa kwanza kukikalia kiti hicho, ambaye alikikalia hadi 1978. Yeye ndiye aliyeanzisha mwaka 1951 chuo cha Fatima Mata, na hospitali ya Kollam iliyopewa jina la Benziger ilianza katika wakati wake.

Basi waambie jamaa zako hivi. Goa ina haki ya kusema kwamba kiti chake kimeendelea bila kukatika tangu mwaka 1534, jambo ambalo Kollam haiwezi kulidai. Kollam nayo ina haki ya kusema kwamba ilitangulia, na haki hiyo imeandikwa katika hati ambayo hakuna anayeikana. Lakini sisi, tukiulizwa tuipe heshima karne ipi, tutaipa ile ya Waholanzi, ambayo haina hati tukufu wala askofu mkazi, bali ina wavuvi ambao wangeweza kuiacha dini ile bila ya mtu yeyote kuwauliza, nao hawakuiacha. Vijiji vyao, kama Sakthikulangara na Neendakara, vipo mpaka sasa kaskazini ya mji. Hapo ndipo mwaka 1953 Norway ilipoanzisha na serikali ya India mradi wa mashua za mashine, uliogeuza kamba wa baharini kuwa mali ya kusafirishwa nje na kuwatajirisha wachache, huku wavuvi wa mitumbwi wakikosa samaki kwa sababu ya nyavu za kukokota. Katika miaka ya 1980 mapadre na masista walijiunga na wavuvi hao katika maandamano na migomo ya kula, na mwaka 1988 serikali ya Kerala ikaanza kupiga marufuku nyavu za kukokota wakati wa masika. Wavuvi wa Pemba wanaosoma safu hii wataelewa uzito wa jambo hilo bila ya maelezo zaidi.

SWALI: Je, jimbo hilo liliwahi kuwa na uhusiano wowote na Zanzibar? (Mwanafunzi, Kikwajuni)

JIBU: Uhusiano wa moja kwa moja wa kiutawala haukuwapo, lakini upo wa njia mbili tatu. Jimbo la Goa lilipoanzishwa, mipaka yake ilitajwa kuanzia Rasi ya Tumaini Jema hadi China, na kwa hiyo pwani yetu na pwani ya Kollam zilikuwa kwa muda chini ya askofu mmoja, angalau kwenye karatasi. Waaugustino waliofika Mombasa mwaka 1597 walitoka Goa, wakati Askofu Mkuu wa huko akiwa yule yule Menezes wa sinodi tuliyoitaja, naye mwenyewe Muaugustino. Watawa wa shirika hilo walikuwa na kanisa Unguja pia. Ukiingia Ngome Kongwe pale Forodhani, fahamu kwamba Waomani waliijenga baada ya kuwatoa Wareno, mahali palipokuwa na kanisa hilo, na mabaki ya kuta zake yamo ndani ya ngome.

Fransisko Ksaveri naye aliiona pwani yetu kabla ya kuiona India. Mwaka 1542, akitoka Msumbiji, chombo chake kilitia nanga Malindi ya Kenya, akamzika huko abiria mmoja aliyefariki, na ameandika kwamba Waislamu wa mji waliusifu utaratibu wa mazishi yale. Mmoja wa wakubwa wa mji alimweleza kwa masikitiko kwamba kati ya misikiti 17 ya Malindi ni mitatu tu iliyokuwa ikiendewa, na hiyo kwa watu wachache, nao wawili wakazungumza juu ya kupungua kwa ibada.

Jordanus, askofu wa kwanza, hakufika Afrika Mashariki, na anakiri hivyo, lakini katika kitabu chake kifupi cha Kilatini alinakili habari za huko kutoka kwa watu aliowaamini. Kati ya mambo mengi ya kubuni, ya majoka na visiwa vya wanawake peke yao, anamweleza mnyama kama punda mwenye michirizi, mmoja mweusi na mmoja mweupe, na kumwita mzuri wa ajabu. Punda milia huyo alisimuliwa na mabaharia, na masimulizi yao yakafika Ulaya kwa mkono wa askofu wa Kollam.

Na uhusiano ulio hai mpaka leo ni wa korosho. Kollam ni mji mkuu wa ubanguaji wa korosho nchini India, na kwa miaka mingi viwanda vyake vimelishwa kwa korosho ghafi kutoka Tanganyika na Msumbiji. Waliobangua ni wanawake kwa maelfu, wa Kihindu, Kikristo na Kiislamu, mikono yao ikiunguzwa na mafuta ya ganda.

SWALI: Mwanangu amepata nafasi ya kwenda kusoma Kollam. Nimesikia Wakatoliki wa Kerala wana misa za namna tatu. Atakuta misa kama yetu? (Mama wa Machui)

JIBU: Hongera, mama. Ni kweli kwamba Wakatoliki wa Kerala wamo katika makanisa matatu yenye liturujia tofauti, yote yakimtii Papa mmoja: la Kilatini, la Kisiro-Malabar na la Kisiro-Malankara. Hilo la tatu lilizaliwa Kollam yenyewe. Tarehe 20 Septemba 1930, katika kikanisa cha nyumba ya askofu, Benziger alimpokea Mar Ivanios, askofu wa Kanisa la Kiorthodoksi, pamoja na wenzake wanne, askofu, padri, shemasi na mlei mmoja, na wakaruhusiwa kuendelea na ibada yao ya Kisiria. Watu watano hao ndio mwanzo wa Kanisa ambalo leo lina majimbo yake na Askofu Mkuu wake.

Jimbo la Kollam lenyewe ni la Kilatini, na tangu mwaka 2004 liko chini ya Jimbo Kuu la Trivandrum. Misa atakayoikuta humo ni ile ile ya Machui na ya Minara Miwili, kwa mpangilio ule ule, ila itasomwa na kuimbwa kwa Kimalayalam. Aulize kanisa kuu la Mtoto Yesu, lililoko Tangasseri. Jengo la sasa lilifunguliwa mwaka 2005, mahali palipokuwa na kanisa la zamani lenye asili ya Kireno, na mnara wa taa wa bandari uko jirani nalo.